Theluthi ya Mshahara: Fao la Kukosa Ajira na Wafanyakazi wa Kanda ya Ziwa

Katika sheria za Tanzania, mtu aliyepoteza kazi alichelewa sana kupata jina la heshima. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 alihesabiwa kuwa mkulima aliyekawia mjini au mzururaji wa kurudishwa kijijini, na hata mifuko ya hifadhi ya jamii ilipoanzishwa ilimtambua kama mwenye akiba anayekuja kuichukua na kuondoka, na haikumwona kama mtu aliyepatwa na janga linalostahili kinga. Ni mwaka 2018 ndipo sheria ilipolitaja waziwazi fao la kukosa ajira, yaani malipo ya muda kwa mwanachama wa mfuko aliyeachishwa kazi bila ridhaa yake, likapimwa kwa asilimia 33.3 ya mshahara na kuwekewa ukomo wa miezi sita. Historia ya fao hilo husimuliwa kwa kawaida kutoka Dodoma na Dar es Salaam, kwenye kumbi ambamo miswada ilisomwa. Lakini ukanda wa Mwanza, ambako ajira zimekuja na kuondoka pamoja na pamba, nguo, sangara na dhahabu, unaonyesha vizuri zaidi kwamba ugomvi wa viwango na ukomo ulikuwa, tangu mwanzo, ugomvi juu ya mwenye fedha ni nani.

Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji huo uliokuwa boma la Wajerumani tangu 1892 ukawa mlango wa kutolea pamba ya Usukuma, na pia mlango wa kutolea watu. Vijana walioandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na ujira wao ulihesabiwa kwa kipande, kadi ambayo mfanyakazi aliimaliza baada ya kutimiza siku 30 za kazi hata kama siku hizo zilimchukua miezi miwili. Hesabu ya kipande iliishia pale kazi ilipoishia. Serikali ya kikoloni iliamini, au ilijifanya kuamini, kwamba mtu wa Kwimba au Magu asiye na kazi ana shamba la ukoo la kumlisha, kwa hiyo mwajiri hakuwa na deni kwake zaidi ya nauli ya kurudi. Inafaa kukumbuka kwamba dola iliyotawala kwa imani hiyo ilikuwa tayari, kwa Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911, imekubali kuwalipa mafundi wa ujenzi na wa kuunda meli wa Uingereza shilingi 7 kwa wiki wanapokosa kazi, kwa muda usiozidi wiki 15 katika mwaka. Fikra ya kiwango na ukomo ilikuwa imekwishazaliwa. Haikupandishwa tu kwenye meli iliyokuja Tanganyika.

Dhana ya shamba kama bima haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ilipopata nguvu ya kudumu. Familia ya Kisukuma iliweka ziada yake katika ng'ombe, na mifugo hiyo ililipa mahari, ikavusha watu mwaka wa njaa, ikampokea kijana aliyerudi mikono mitupu. Zao la pamba lilipopanuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na wakulima waliojikusanya chini ya uongozi wa Paul Bomani wakaunda mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, vinu vya kuchambulia pamba viliajiri watu kwa msimu: soko likifunguliwa katikati ya mwaka waliitwa, mbegu ya mwisho ikishatoka waliagwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa mfanyakazi kwa miezi kadhaa na mkulima kwa miezi iliyobaki, wala hapakuwa na siku ambayo yeye mwenyewe angesema ameingia katika ukosefu wa ajira. Ugumu huo wa kumtambua asiye na kazi utaonekana tena katika kila sheria iliyofuata.

Uhuru ulileta mabadiliko ya haraka. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo, malipo ya mara moja anayopewa mfanyakazi wakati wa kuachana na mwajiri kwa kuzingatia urefu wa utumishi wake, na mwaka 1964, mwaka uleule ambao vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na kuundwa chama kimoja cha NUTA, Bunge lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Akiba wa Taifa, uliojulikana kwa wengi kwa herufi za NPF. Mwajiri alikata asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, akaongeza asilimia 5 yake, na jumla ikaandikwa katika hesabu yenye jina la mwanachama. Utaratibu huu haukuwa bima, kwa sababu katika bima michango ya wengi huchanganywa ili imkinge yule aliyepatwa na janga, na anayechangia muda mrefu bila kupatwa hadai fedha zake kama alivyoziweka. NPF ilikuwa kibubu cha kisheria. Kila mtu alikuwa na chake, na aliyeondoka katika ajira alikuwa na njia ya kukivunja kabla ya uzee. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa fao la kujitoa, na kizazi kizima cha wafanyakazi kilijifunza kutokana nayo kwamba makato ya kila mwezi ni mali yao iliyowekwa kwa mtu mwingine kwa muda.

Mafunzo hayo yaliingia Mwanza katika wakati ambao ajira ya kudumu ilionekana imefika. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ushirika wa Nyanza ulirithi makarani na vinu vya VFCU, na bandarini mabaharia na mafundi walifanya kazi chini ya mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaliyoendesha meli za ziwa lote kutoka Kisumu. Nguzo mbili kati ya hizo ziliyumba karibu kwa pamoja. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1976, na mwaka uliofuata Jumuiya nayo ikasambaratika, ikawaacha watumishi wake na madai ya pensheni ambayo nchi tatu zilihitaji hadi Mei 1984 kukubaliana jinsi ya kugawana, huku malipo yenyewe yakiendelea kudaiwa mahakamani kwa miaka mingi baadaye. Watumishi wa meli waliochukuliwa na shirika jipya la reli la Tanzania waliendelea kupanda melini kama kawaida. Ni utumishi wao wa nyuma uliogeuka kuwa faili lisilojulikana liko ofisi gani.

Jibu la serikali kwa watu wasio na kazi mijini katika kipindi hicho halikuwa fao. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika na kitambulisho cha kuithibitisha, na waliokamatwa bila uthibitisho walisafirishwa kwenda vijijini au kwenye mashamba. Sheria hiyo iliendeleza, kwa lugha ya ujamaa, dhana ileile ya wakoloni kwamba dawa ya asiye na ajira ni jembe. Mwandishi wa historia hana budi kukiri kwamba Sokoine alikuwa akipambana na uhaba wa chakula uliokuwa wa kweli. Hata hivyo ni vigumu kupata ushahidi mzito zaidi kwamba kupoteza kazi kulihesabiwa kuwa kosa la aliyeipoteza.

Wakati huohuo kibubu kilikuwa kinaliwa na mchwa. Mfumuko wa bei ulikaa juu ya asilimia 25 kwa mwaka karibu katika muongo wote wa 1980, na shilingi ikashushwa thamani kwa kishindo mwaka 1986, kwa hiyo mwanachama wa NPF aliyeweka akiba tangu enzi ya Azimio la Arusha alikuta namba zimeongezeka lakini haziwezi kununua bati za kuezekea chumba kimoja. Walioachishwa kazi katika mashirika ya umma yaliyobinafsishwa miaka ya 1990, ambao lugha ya ofisi iliwaita waliopunguzwa, walichukua walichokuta na kukigeuza mtaji: kioski, mashine ya kusaga, cherehani, nyavu. Neno mtaji ndilo linalopaswa kushikwa hapa, kwa kuwa linaeleza matumizi ambayo watunga sheria hawakuyapenda na ambayo wafanyakazi hawakuona mengine ya maana kuyazidi. Mwaka 1997 NPF iligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, wenye jumla ya michango ya asilimia 20 na wenye kulipa pensheni ya kila mwezi kwa kanuni ya bima. Msingi ulibadilika, lakini mlango wa kujitoa uliachwa wazi, na watu waliendelea kuutumia kana kwamba kibubu kipo palepale.

Miaka hiyohiyo ufuko wa Mwanza ulikuwa umepata kazi mpya. Viwanda vya kuchakata sangara vilivyojengwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliajiri maelfu ya watu wa kukata minofu, kupakia na kugandisha, wengi wao wakiwa vibarua wanaoitwa getini samaki wakiwapo. Soko lao kubwa lilikuwa Ulaya, na Ulaya ilipofunga milango kwa vipindi kati ya 1997 na 2000, kwanza kwa hofu ya kipindupindu na vimelea vya maradhi, kisha kwa taarifa za samaki waliovuliwa kwa sumu, mistari ya kukata minofu ilisimama. Kibarua asiyechangia mfuko wowote hakuwa na cha kujitoa. Ajira ilikwisha kimyakimya, na mama wa Igogo aliyekuwa akivaa buti nyeupe kiwandani alirudi kukaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondolewa, na kuyauza mtaani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2006, ilijaribu kuweka sakafu. Kwa mujibu wake mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 ya utumishi mfululizo na akaachishwa bila kosa hulipwa na mwajiri mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, lakini hesabu husimama kwenye mwaka wa 10. Aliyefanya kazi miaka 10 na aliyefanya miaka 25 hutoka na malipo yaleyale ya siku 70. Ukomo huo haukuzua kelele nyingi ulipowekwa, labda kwa sababu viwandani mwa ziwa ni wachache waliokuwa na miaka 10.

Kelele zilitoka migodini. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Iliyofuata ni ajira ya aina ambayo Kanda ya Ziwa haikuwahi kuiona, yenye mshahara mkubwa kwa kipimo cha nchi, makato makubwa kwa hiyo, na maisha mafupi. Kijana aliyeendesha lori la mgodini alijua kwamba mkataba wa kampuni ya ukandarasi unaweza kwisha wakati wowote, kwamba mwamba wenyewe una kikomo, na kwamba mapafu na mgongo vinaweza kutangulia kuchoka. Kwake umri wa kustaafu wa miaka 60, au 55 kwa hiari, ulikuwa nchi ya mbali. Alipanga kufanya kazi miaka michache, kujitoa, kununua kiwanja Buswelu au Igoma na kuanza biashara, na mpango huo ulikuwa na hesabu kamili ndani yake.

Ndiyo maana marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2012, yaliyoufunga mlango wa kujitoa na kuwataka wanachama wasubiri hadi umri wa kustaafu, yalipokewa migodini kama wizi. Mamlaka ya usimamizi wa mifuko ilieleza, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwamba mtu anayechukua michango yake kila anapobadilisha kazi hufika uzeeni bila pensheni, na kwamba mfuko ambao wanachama wake huingia na kutoka hauwezi kuwekeza kwa muda mrefu. Wafanyakazi waliijibu kwa swali la kwanza la kila mwenye mali: kwa nini aliyenikata bila kuniuliza aniambie pia lini nile? Serikali ilirudi nyuma mwaka huohuo, na malipo ya kujitoa yakaendelea kwa miaka mingine kadhaa, huku kila upande ukijua kwamba suala limeahirishwa.

Liliporudi mwaka 2018 lilikuja na sura nyingine. Sheria Na. 2 ya mwaka huo iliunganisha mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, na kuiachia NSSF sekta binafsi na wasio katika ajira rasmi. Ndani yake, kwa watumishi wa umma na kwa wanachama wa NSSF pia, kujitoa kuliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake wala kufikia umri wa kustaafu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Ambaye michango yake haijafika miezi 18 hulipwa kwa mkupuo nusu ya michango aliyokatwa yeye mwenyewe. Kwa mtazamo wa wataalamu wa bima huu ulikuwa ukomavu, kwa kuwa Tanzania ilikuwa sasa na fao la jamii ya lile lililotajwa na Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952, ingawa mkataba huo huweka kiwango cha chini cha asilimia 45.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini ukomavu huo ulionekana tofauti kutoka Nyakato au Geita. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye mshahara wa shilingi 300,000 aliyefanya kazi miaka minne huwa amekatwa, kwa asilimia 10, jumla ya shilingi 1,440,000, na mwajiri wake amechangia kiasi kama hicho. Akipunguzwa kazi, theluthi ya mshahara wake ni shilingi 99,900 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni shilingi 599,400. Hicho ni chini ya nusu ya kilichotoka katika jasho lake mwenyewe, na kinakuja vipande vipande, kwa ukubwa unaotosha kodi ya chumba na unga lakini usiotosha injini ya mtumbwi wala bodaboda. Kinachobaki hakipotei, kinasubiri uzee. Mfumo unamlinda kijana huyo dhidi ya njaa ya miezi sita na dhidi ya ufukara wa miaka 60, ukiuacha wazi muda wote ulio katikati, ambao ndio anaouwazia. Aliyetaka mtaji akapewa posho, na ni tofauti hiyo ya umbo, kuliko hata ya kiasi, iliyowaudhi watu wa migodi baada ya Bulyanhulu kutangaza kupunguza shughuli mnamo Septemba 2017 na mamia ya familia kuanza kuhesabu upya.

Mwaka huohuo wa 2018 ulileta mgogoro wa pili ambao umelifunika fao la kukosa ajira katika kumbukumbu za watu, yaani mgogoro wa kikokotoo, kanuni ya kupima sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu. Watumishi wa umma waliokuwa PSPF na LAPF walizoea mkupuo wa asilimia 50, uliokokotolewa kwa kigawanyo cha 540 na kuzidishwa kwa 15.5, ilhali NSSF na PPF zilitumia asilimia 25, kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5. Kanuni mpya ziliwaweka wote kwenye fungu la chini. Mwalimu wa Sengerema aliyetumikia miezi 290 na kustaafu akiwa na mshahara wa shilingi 600,000 angepata kwa kanuni ya zamani mkupuo wa karibu shilingi milioni 30 na pensheni ya 161,000 hivi kwa mwezi. Kwa kanuni mpya mkupuo ungeshuka hadi milioni 11.25, na pensheni ingepanda hadi 225,000. Wakokotoaji walitazama tarakimu ya mwisho, mwalimu akatazama ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliamuru kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Kuanzia Julai 2022 kikaja kiwango kimoja cha asilimia 33. Na katika bajeti ya 2024/25 wale waliokuwa zamani na asilimia 50 wakapandishwa kutoka 33 hadi 40, wenzao waliokuwa na asilimia 25 wakafikia 35. Ikumbukwe kwamba katikati ya mabishano hayo serikali yenyewe ilikuwa mdaiwa mkubwa wa mifuko, hadi ikatoa mwishoni mwa 2021 hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipia utumishi wa kabla ya 1999, kwa hiyo ubahili wa kanuni haukutokana na uzembe wa wanachama.

Mkupuo wa mstaafu umepandishwa mara mbili juu ya ile asilimia 25 ya kanuni za 2018. Theluthi ya aliyepoteza kazi imebaki theluthi, na miezi yake sita imebaki sita, pengine kwa sababu walimu na wauguzi ni wengi, wamo katika kila jimbo la uchaguzi na hustaafu kwa ratiba inayojulikana, ilhali walioachishwa kazi hutawanyika siku ileile wanayopata barua.

Chini ya mjadala huu wote, mwambao wenyewe haujaguswa. Katika mwalo wa Kirumba na katika visiwa vya Ukerewe na Kome, mvuvi wa dagaa halipwi mshahara. Mafuta na gharama nyingine zikishatolewa, mapato hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake, na usiku usio na samaki hauna mgawo. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa haufanyi kazi, mitumbwi huvutwa ufukweni na wavuvi hukaa siku kadhaa wakishona nyavu au wakilala. Kila mwezi wa mwaka hukosa kazi na kuipata tena, bila barua ya kuachishwa, bila mwajiri wa kuisaini, na bila mshahara wa mwisho ambao mtu angeweza kuugawanya kwa tatu.